Sheria Imwitayo Mtoto Shuleni Haina Budi Imfikishe

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaagiza kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa miaka saba aandikishwe katika shule ya msingi, na ahudhurie masomo bila kukosa mpaka atakapomaliza. Mzazi asiyetimiza agizo hilo anaweza kufikishwa mahakamani. Hiyo ni sheria njema, na hapana mpenda maendeleo atakayeipinga. Ilitungwa ili mtoto wa mkulima na mfugaji asifungiwe zizini wakati mtoto wa karani anafundishwa kusoma. Lakini sheria hiyo ina kimya kimoja ambacho umefika wakati kivunjwe. Inamwamuru mtoto afike shuleni, na inamwadhibu mzazi mtoto asipofika. Haisemi afikeje.

Katika Wilaya ya Kongwa kimya hicho kina gharama kubwa. Hiyo ni nchi ya uwanda mpana, yenye jua kali na mvua haba. Kaya nyingi za Wagogo na Wakaguru hazikukusanyika mahali pamoja, bali zimetawanyika kufuata mashamba na malisho. Shule huwa katikati ya kijiji, na shule ya sekondari huwa katika kijiji kimoja kati ya vijiji vya kata nzima. Wakati wa kiangazi mtoto hutembea katika vumbi na kiu. Mvua zinapoanza, makorongo ambayo jana yalikuwa mchanga mtupu hujaa maji kwa muda wa saa moja, na njia hukatika. Siku hiyo mtoto harudi nyumbani, au haendi shule. Daftari la mahudhurio huandika kwamba hakuwapo. Halina nafasi ya kuandika kwamba alizuiwa na korongo.

Kwa hiyo swali la kuulizwa ni hili: katika nchi hii, ni mwanafunzi gani anayestahili kusafirishwa kwenda shule, na kwa kanuni gani? Mtu akichunguza kwa makini ataona kwamba kanuni zipo, ingawa hazikuandikwa mahali pamoja. Ziko tatu.

Kanuni ya kwanza ni ya fedha. Mabasi ya rangi ya njano yanayoonekana kila asubuhi mjini Dodoma, Dar es Salaam, Arusha na Mwanza humbeba mtoto ambaye mzazi wake amelipa. Mara nyingi mtoto huyo huchukuliwa mlangoni kwao na kushushwa mlangoni pa shule, hata kama umbali wenyewe ungeweza kutembewa kwa dakika ishirini. Serikali hulisimamia basi hilo, na ni haki ilisimamie. Mwezi Mei 2017, wanafunzi 32, walimu 2 na dereva mmoja walipoteza maisha katika ajali ya basi la shule huko Karatu, na taifa zima lililia. Hakuna anayetaka ukaguzi wa mabasi hayo ulegee. Lakini ieleweke kwamba usimamizi wote huo unamhusu mtoto ambaye tayari ana kiti. Mtoto asiye na kiti hana mkaguzi. Njia yake ya miguu haikaguliwi na mtu.

Kanuni ya pili ni ya mahali. Mwanafunzi wa mjini mwenye sare na kitambulisho hulipa nauli ndogo katika daladala. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilipopandisha nauli za watu wazima mwaka 2022, nauli ya mwanafunzi katika daladala iliachwa palepale, shilingi 200. Huo ni uamuzi wa utu. Hata hivyo kila mkazi wa mjini anajua namna unavyotekelezwa: utingo husimama mlangoni na kuwazuia watoto wenye sare mpaka watu wazima waishe kituoni. Mwenye gari anamwona mwanafunzi kuwa ni hasara, kwa sababu amuru ya kumbeba kwa nauli ndogo imetolewa na Serikali, lakini tofauti ya nauli imeachwa juu ya mwenye gari. Pamoja na kasoro hiyo, mtoto wa mjini ana haki inayotajwa kwa shilingi. Mtoto wa Zoissa au wa Ngomai, ambaye njia yake ya kwenda shule haina daladala, ana punguzo la nauli ya gari ambalo halipo.

Kanuni ya tatu ni ya wengine wote: watembee.

Kanuni hizo tatu zikisomwa pamoja, zinaonyesha jambo la ajabu. Anayebebwa zaidi ni yule anayekaa karibu na barabara ya lami na ambaye baba yake ana kipato. Anayekaa mbali, katika njia mbaya, tena katika kaya maskini, habebwi kabisa. Msaada unapungua kadiri haja inavyoongezeka. Je, hiyo ndiyo haki ambayo taifa hili liliiimba tangu Azimio la Arusha?

Kongwa inapaswa kuwa ya kwanza kukataa mpango wa namna hiyo, kwa sababu historia yake ni shahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mpango wake mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, na tawi la reli likajengwa kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati mpaka Kongwa, ili karanga zisafirishwe. Mwaka 1951 mpango huo ulikwisha kuachwa, baada ya kuwatia walipa kodi wa Uingereza hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Ardhi haikuwa na mvua ya kutosha, jambo ambalo Mgogo yeyote angelisema bure kama angeliulizwa.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1948, ilifunguliwa Kongwa shule ya bweni kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Wanafunzi walitoka sehemu mbalimbali za Tanganyika, wakasafirishwa kwa treni na mabasi mamia ya kilometa, wakalala hapo, wakalishwa hapo, na likizo ilipofika wakarudishwa makwao. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1958 na wanafunzi wake wakahamishiwa Iringa, katika majengo ambayo baadaye yalikuja kuwa shule na kisha chuo cha Mkwawa. Basi tazama mfuatano huo. Waliostahili kusafirishwa Kongwa kwanza walikuwa karanga, ambazo hazikuota. Kisha watoto wa Kizungu, waliotoka mbali. Mtoto wa Kigogo, aliyezaliwa palepale, hakuwamo katika orodha. Kigezo kilikuwa rangi ya ngozi. Uhuru uliifuta rangi katika orodha hiyo. Haukukusudia kwamba mahali pa rangi pakae mfuko wa mzazi.

Ni haki kusema kwamba Taifa halikukaa bure. Jibu lake kwa tatizo la umbali lilikuwa kuisogeza shule, si kumbeba mtoto. Operesheni Dodoma ya miaka ya mwanzo ya 1970 iliwakusanya watu vijijini ili, pamoja na mambo mengine, shule na zahanati ziwafikie. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo mwaka 1977, na wananchi wakafyatua matofali kwa mikono yao. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980, ilifutwa mwaka 2001. Mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ukaeneza shule za kata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa kuanzia mwaka 2016. Mwaka 2021 Serikali ikaanza kujenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwamo 3,000 vya shule shikizi, yaani zile shule ndogo zinazojengwa karibu na watoto walio mbali na shule mama. Ni kazi kubwa, na asiyeikiri ni mtovu wa shukrani.

Lakini kazi hiyo ina mwisho wake. Hata kila kata ikiwa na sekondari, kata yenyewe ni pana, na lazima watakuwapo watoto wa kingo zake. Hata kila kijiji kikiwa na shule, vitongoji haviwezi kuhamishwa vyote tena. Hapana taifa duniani lililoweza kujenga shule mlangoni pa kila mtu. Kwa hiyo baada ya kusogeza shule kadiri inavyowezekana, hubaki kundi la watoto ambao umbali wao hauwezi kuondolewa kwa tofali. Hao ndio wanaohitaji kanuni, na hao ndio wasio nayo. Miongozo iliyofuata kuondolewa kwa ada ilimwachia mzazi sare, madaftari, matibabu na nauli ya kwenda na kurudi shuleni. Nauli ikawekwa katika kapu moja na kalamu, kana kwamba kila mzazi ana nauli ileile. Mzazi wa karibu hana nauli ya kulipa. Wa mbali ndiye anayelipa, na asipoweza kulipa, mtoto hulipa kwa miguu.

Malipo hayo yanaweza kuhesabiwa. Achukuliwe mtoto anayekaa kilometa 6 kutoka shuleni. Kwa siku anatembea kilometa 12. Kwa mwaka wa masomo wenye siku 194 anatembea kilometa 2,328. Huo ni umbali unaokaribia kwenda Kigoma kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati na kurudi. Anautembea kila mwaka, mara nyingi bila kifungua kinywa, kisha anakaa darasani na kufanya mtihani uleule anaofanya mtoto aliyeteremka katika basi la njano. Matokeo yakitoka, gazeti huandika kwamba shule za vijijini zimefanya vibaya.

Kwa msichana hesabu ni nzito zaidi. Anaondoka gizani na kurudi gizani. Akichoka kutembea, hukubali kupakiwa na mwenye pikipiki, na si kila lifti hutolewa bure. Au wazazi wake humpangishia chumba karibu na shule, akaishi peke yake akiwa na miaka kumi na minne, bila mlinzi wala mlezi. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mwaka 2021 Serikali ikaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi shule. Hatua zote mbili zinakuja baada ya madhara kutokea. Jela humpokea mkosaji, na shule humpokea tena msichana, lakini njia ile iliyomtia hatarini inabaki kama ilivyokuwa, ikimngoja mdogo wake.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa zamani walitembea na wakawa watu wakubwa. Hoja hiyo husemwa kwa majivuno, na haifai. Wanaoisema ni wale waliofika. Walioishia njiani hawakupata nafasi ya kuandika kumbukumbu zao. Aidha, hata mifano inayotajwa mara nyingi haisemi hivyo. Mwalimu Nyerere alianza masomo mwaka 1934 katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kutoka Butiama mpaka Musoma ni zaidi ya kilometa arobaini. Hakuzitembea kila asubuhi. Shule ilikuwa ya bweni. Mtoto wa Mtemi alipatiwa kitanda. Wenzake wa Butiama wasiopatiwa kitanda hakuna anayewajua kwa majina.

Wengine watasema kwamba nchi maskini haiwezi kumudu usafiri wa wanafunzi, na kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Na waitazame hiyo Ulaya ilivyofanya. Uingereza ilipotunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 na kuanza kuwalazimisha watoto waende shule, ilitamka katika sheria hiyohiyo kwamba mzazi ana udhuru wa haki ikiwa hakuna shule ndani ya umbali usiozidi maili tatu. Mwaka 1944 ikaweka kipimo wazi: maili mbili kwa mtoto wa chini ya miaka minane, maili tatu kwa aliyezidi umri huo, umbali ukipimwa kwa njia ya kutembea. Zaidi ya hapo, ama mamlaka ya elimu itafute usafiri, ama isimsumbue mzazi mahakamani. Mantiki yake ni nyepesi. Dola ikimlazimisha mtu afike mahali, imejitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba panafikika. Tanzania iliurithi ulazima. Haikuurithi udhuru wala usafiri.

Wala si Ulaya peke yake. Katika jimbo la Bihar, mojawapo ya majimbo maskini kabisa ya India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Watafiti Muralidharan na Prakash walionyesha kwamba uandikishaji wa wasichana katika sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Hayo hayakufanywa kwa mabasi ya kifahari, bali kwa baiskeli.

Na kuna mfano unaoigusa Kongwa kwa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1964 wilaya hii iliwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, wa SWAPO na wa ANC ya Afrika Kusini, wakapiga kambi na kufanya mazoezi hapo, huku wananchi wa Kongwa wakiwagawia kidogo walichokuwa nacho. Afrika Kusini ikawa huru. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Grahamstown ikaamua kwamba mtoto anayeishi mbali na asiye na uwezo ana haki ya kusafirishwa, kwa kuwa haki ya elimu ya msingi haina maana kwake ikiwa hawezi kuifikia shule. Mwaka huohuo nchi hiyo ikawa na sera ya taifa ya usafiri wa wanafunzi, inayowapa nafasi ya mbele watoto wenye ulemavu na wadogo wanaotembea mbali. Utekelezaji wake umekuwa na upungufu mwingi, na wananchi wake wamelazimika kurudi mahakamani kuudai. Lakini wana kitu cha kudai. Wageni wa Kongwa wameandika haki ambayo watoto wa mwenyeji wao bado hawajaandikiwa.

Nini basi kifanyike? Hakuna anayedai basi la njano kwa kila kitongoji. Kinachodaiwa ni kanuni, iandikwe katika sheria au katika kanuni zake, ijulikane kwa mzazi na iweze kudaiwa. Kanuni hiyo iwe na vigezo vinne, na fedha za mzazi zisiwe mojawapo ya vigezo vya kumpa mtoto nafasi.

Kwanza, umbali, upimwe kwa njia anayopita mtoto kwa miguu, wala si kwa rula juu ya ramani. Kipimo cha mtoto wa darasa la kwanza kiwe kifupi kuliko cha mwanafunzi wa kidato cha pili. Pili, hatari. Njia inayokatwa na korongo wakati wa mvua, au inayomlazimu mtoto kuvuka barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Kibaigwa au Pandambili, ambako malori hupita usiku na mchana, ihesabiwe kuwa mbali hata kama kilometa zake ni chache. Tatu, ulemavu. Kwa mtoto asiyeona au asiyeweza kutembea, hata kilometa moja ni umbali. Nne, shule inayohesabiwa iwe ile ya umma iliyo karibu zaidi. Mzazi anayechagua shule ya mbali kwa hiari yake asiitumie kanuni hii kudai gari.

Mtoto atakayetimiza vigezo hivyo apate kimoja kati ya vitatu: kiti, baiskeli au kitanda. Kiti, pale ambapo gari linapita na Halmashauri inaweza kuingia mkataba na mwenye gari aliye na leseni, naye alipwe tofauti ya nauli ili asimwone mtoto kuwa ni hasara. Baiskeli, pale ambapo njia ni tambarare, na Kongwa ina njia nyingi za namna hiyo. Kitanda, yaani bweni lenye mlezi, pale ambapo mbali ni mbali kweli. Fedha za kuanzia hazihitaji muujiza. Ruzuku ya uendeshaji wa shule imekuwa ikigawiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, awe anakaa nyuma ya shule au ng'ambo ya mlima. Umbali uingizwe katika hesabu hiyo. Na kila kijiji kiwe na orodha ya watoto wake wa mbali, isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ili mtoto wa mwenyekiti asijikute yuko mbali kwa usiku mmoja na mtoto wa mjane akawa karibu.

Jambo hili haliwezi kuahirishwa. Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa mwaka 2025 inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake ni kwamba ulazima ambao ulikuwa ukiishia katika shule ya kijiji sasa utamfuata mtoto mpaka shule ya kata, ambayo iko mbali zaidi. Idadi ya watoto watakaolazimishwa na sheria kutembea masafa marefu itaongezeka, na idadi ya wazazi watakaoweza kushtakiwa kwa ajili ya masafa hayo itaongezeka pia. Kuurefusha ulazima bila kuandika haki ya usafiri ni kuwatwisha wanyonge mzigo wa sera ambayo inapendwa na wote.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme humfikisha msafiri Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Ni fahari ya nchi, na ni ushahidi kwamba Taifa likiamua kitu kistahili kusafirishwa, hukisafirisha. Wakoloni waliamua kwamba karanga zinastahili, wakazitandikia reli mpaka Kongwa. Nchi huru ina watoto Kongwa. Bunge linalokutana Dodoma, katika mkoa huohuo, na liamue kwamba nao wanastahili.